Wimbo Usiorudiwa: Muziki wa Papo Hapo katika Ugogo

Muziki ni wa namna mbili. Namna ya kwanza hutungwa mpaka ikakamilika, kisha hupigwa. Mpigaji huifuata kama msomaji aufuatavyo ukurasa. Namna ya pili hutungwa na kupigwa kwa wakati mmoja. Aliyehudhuria huuona wimbo ukizaliwa mbele yake, na ukiisha umekwisha, wala haurudi tena kwa sura ile ile. Namna ya kwanza ina faida ya kudumu. Namna ya pili ina faida ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiyepata kuiona: mpigaji hajui bado atakalosema, wasikilizaji wanajua kwamba hajui, na kwa sababu hiyo wote hukaa macho.

Wasomi wa karne ya 20 walipouzungumzia muziki wa namna ya pili, aghalabu waliyaelekeza macho yao New York, Chicago, London na Berlin. Huko watu watatu au wanne wenye saksofoni, besi na ngoma walipanda jukwaani bila ya nota, na mara nyingine bila ya makubaliano yoyote, wakaanza kupiga. Muziki huo uliitwa jazi huria. Nyanda za kati za Tanzania, zenye mji wa Dodoma katikati yake, ni nadra kutajwa katika mazungumzo hayo. Hata hivyo Ugogo una historia ndefu ya wapigaji wachache waketio pamoja na kutunga papo hapo, na historia hiyo ina fundisho ambalo miji mikubwa haikulipata kwa urahisi. Fundisho lenyewe ni kwamba muziki wa papo hapo hauwi hai kwa kipawa cha mpigaji peke yake. Huwa hai kwa kuwapo msikilizaji ajuaye kuujibu. Santuri, jukwaa na safari za ng'ambo ziliupeleka muziki wa Wagogo mbali sana. Na kila kimoja katika hivyo vitatu kilimwacha msikilizaji huyo nyuma kidogo.

Yafaa kuanza na nchi yenyewe. Dodoma imesimama katika kimo cha mita 1,100 hivi juu ya bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, nayo kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Uwele, mtama na ng'ombe ndio riziki ya asili ya nchi hii, na mvua ikikosa, riziki hukosa. Kati ya mwaka 1917 na 1920 ilikuja njaa iitwayo Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Kisha mvua ikakatika, na maelfu ya watu wakafa. Mathias E. Mnyampala, mshairi na mwanahistoria wa Wagogo, alizaliwa mwaka 1917, njaa hiyo ilipokuwa ikianza. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954, na hata leo mwanafunzi wa nchi hii hawezi kukiruka.

Katika nchi ya namna hiyo sherehe zina majira yake. Ngoma na nyimbo hustawi baada ya mavuno, ghala zikiwa na kitu na pombe ikiwa imepikwa. Waliokusanyika wakati huo ni ndugu, majirani na watani, na mwimbaji huwajua kwa majina na kwa habari zao. Anajua nani amefiwa, nani amerudi safari, nani amegombana na nani kwa ajili ya ng'ombe. Anapoanza kuimba hana haja ya kutunga hadithi ya mbali, maana hadithi zimeketi mbele yake.

Ala za Wagogo ni nyingi. Wanawake hupiga ngoma za muheme, wakizibana katikati ya mapaja, na ufundi wao umesifiwa na wageni wengi. Msunyunho huimbwa kwa sauti nyingi zinazopishana na kukutana. Lakini kwa jambo linalozungumzwa hapa, ala mbili zapaswa kutazamwa kwa karibu: ilimba na zeze. Ilimba ni sanduku la mti lenye vipande vya chuma ambavyo mpigaji huvichezesha kwa vidole gumba. Katika ilimba ya Kigogo vipande vingine havipigwi kabisa. Vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe jirani zao wanapopigwa. Juu ya sanduku huwa na tundu lililofunikwa kwa utando mwembamba wa buibui, na utando huo huitia sauti ya ala mvumo kama wa nyuki. Zeze lina nyuzi na upinde, na mwili wake umewambwa ngozi. Sauti yake ni nyembamba, ya kukwaruza, inayofanana sana na sauti ya binadamu aliyechoka.

Ngazi ya sauti za muziki huu nayo ina asili ya kushangaza. Mtaalamu wa Austria, Gerhard Kubik, alieleza kwamba Wagogo wamezipata sauti zao katika maumbile ya uzi wenyewe. Uzi mmoja ukipigwa hutoa sauti ya msingi, na juu ya sauti hiyo huzaliwa nyingine, zenye mitetemo ya mara nne, tano, sita, saba, nane na tisa ya ile ya msingi. Sauti hizo ndizo ngazi ya Wagogo. Ile ya saba haimo katika kinanda cha Kizungu. Iko chini kidogo ya ufunguo ulio karibu nayo. Kwa hiyo mtu atakayejaribu kuupiga wimbo wa Kigogo kwa piano ataukosea, hata akiwa fundi namna gani.

Sasa na waketi watu watatu: mmoja ana ilimba, wa pili ana zeze, wa tatu ana kayamba mkononi na njuga miguuni. Mwenye ilimba huanza peke yake. Hurudia duru fupi ya sauti chache mpaka masikio ya watu yaizoee. Mwenye zeze haingii kwa haraka. Huvuta upinde mara moja au mbili, akanyamaza, kama mtu abishaye hodi. Anapopata nafasi huingia, na mara nyingi haingii mahali ilipoanzia duru bali katikati yake, hata mgeni akadhani amekosea. Wa tatu huwaunganisha kwa kayamba, ila naye ana mwendo wake, na ukimsikiliza yeye peke yake waweza kufikiri kwamba anapiga wimbo mwingine. Maneno huja mwisho. Mwimbaji huanza kwa jambo lijulikanalo na wote, kisha akalipinda kuelekea kwa mtu mmoja aliyepo, na hapo ndipo watu huinuka.

Uhuru wa wapigaji hawa una mipaka mitatu: duru, ngazi ya sauti na desturi ya kujibizana. Ndani ya mipaka hiyo hapana aliyewekewa la kupiga. Mwenye zeze aweza kuirefusha sauti moja mpaka mwenye ilimba abadili duru kumfuata. Mwenye kayamba aweza kuacha kabisa, na ukimya wake ukawa neno. Wasikilizaji nao ni sehemu ya kazi: huitikia, hupiga vigelegele, humtaja mwimbaji kwa jina, au hunyamaza. Wakinyamaza vibaya, mwimbaji hutambua kwamba amepotea njia, na hurudi kwenye duru kutafuta njia nyingine. Wimbo hauna urefu uliopangwa. Huisha watu wakiwa wameridhika, au usiku ukiwa umekwenda.

Wakati mambo haya yakiendelea vijijini, neno jipya lilikuwa likiingia Tanganyika kutoka pwani. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz Band mwaka 1944, na mwaka 1948 Salum Abdallah alianza huko huko Morogoro bendi iliyojulikana baadaye kwa jina la Cuban Marimba. Reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilikuwa imekwisha kuifanya Dodoma kituo cha wasafiri, na bendi nazo zilisafiri. Kwa watu wa wakati huo jazi ilikuwa ni bendi ya magitaa, saksofoni na tarumbeta, yenye wanachama, sare na ukumbi wa dansi. Muziki wake ulifuata zaidi rumba ya Kuba iliyosikika katika santuri kuliko muziki wa watu weusi wa New Orleans. Wimbo ulikuwa na beti zake na kiitikio chake, ukapangwa katika mazoezi.

Hata hivyo katika nyimbo hizo palikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi. Beti zikiisha, mwendo hukazwa, wachezaji hujaa ukumbini, na mpigaji wa gitaa au wa saksofoni huachiwa nafasi ya kusema lake. Sehemu hiyo huitwa chemko. Bendi nzuri iliweza kuirefusha chemko kwa kadiri wachezaji walivyoitaka, na gitaa la kwanza likawa linajibu miguu ya watu. Mtu wa Ugogo aliyeingia katika ukumbi kama huo hakuikuta desturi ngeni kabisa. Ala zilikuwa ngeni, na ngazi ya sauti ilikuwa ngeni. Lakini kule kumtazama mchezaji na kumjibu aliko alikujua tangu nyumbani.

Ng'ambo, wapigaji wa jazi walikuwa wakiifungua milango yote kwa pamoja. Tarehe 21 Desemba 1960, mjini New York, Ornette Coleman aliwakusanya wapigaji wanane katika makundi mawili ya watu wanne wanne, wakapiga kwa muda wa dakika 37 hivi muziki ambao sehemu kubwa yake haikupangwa. Santuri iliyotokana na kazi hiyo ilitoka mwaka 1961 na ndiyo iliyoupa muziki huo jina lake. Tarehe 10 Julai 1964, katika mji huo huo, Albert Ayler na saksofoni yake, Gary Peacock na besi yake, na Sunny Murray na ngoma zake, walirekodi muziki ambao ndani yake ngoma hazikuhesabu tena hatua za kawaida. Na katika Sheffield, mji wa viwanda vya chuma huko Uingereza, kati ya mwaka 1963 na 1966 vijana watatu walikutana kupiga pamoja: Derek Bailey wa gitaa, Gavin Bryars wa besi na Tony Oxley wa ngoma. Walianza na jazi ya kawaida. Polepole wakaacha wimbo uliotungwa, kisha wakaacha mapigo ya kawaida, mpaka ukabaki usikivu wa watu watatu tu, kila mmoja akisubiri kujua mwenzake atafanya nini.

Watatu wa Sheffield na watatu wa Ugogo wanafanana kwa jambo moja kubwa: hapana kati yao aliye na karatasi, na kila sauti ni jibu la sauti iliyotangulia. Lakini haifai kuifanya tofauti yao kuwa ndogo. Bailey alitaka muziki usio na lugha maalumu, usioweza kutambulikana kuwa ni wa taifa fulani au wa desturi fulani. Mpigaji wa Ugogo hana haja hiyo. Duru anayoirudia aliipokea kwa baba na kwa mjomba, na anairudia ili apate mahali pa kuondokea. Wa kwanza huutafuta uhuru kwa kuondoka nyumbani. Wa pili huupata kwa kuijua nyumba mpaka aweze kutembea ndani yake gizani. Matokeo yake ni kwamba wa kwanza hana budi kumfundisha msikilizaji wake kila siku upya, na katika miaka ile ya Sheffield wasikilizaji walikuwa wachache. Wa pili amezungukwa na wasikilizaji waliofundishwa tangu utotoni.

Bailey alichapisha mwaka 1980 kitabu kuhusu utungaji wa papo hapo. Hoja yake ilikuwa kwamba hapana desturi ya muziki iliyoenea duniani kuliko hiyo, wala iliyoeleweka kidogo kuliko hiyo. Akachunguza muziki wa Uhindi, flamenko ya Hispania, vinanda vya makanisa, jazi na rock. Afrika haikupewa sura yake. Upungufu huo si wa mtu mmoja. Ni wa jinsi muziki wa Afrika ulivyofikishwa kwa wasomi wa Ulaya, yaani kwa njia ya sahani ya santuri.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, alipita Tanganyika na mitambo yake akirekodi muziki wa makabila mengi, wakiwamo Wagogo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ambayo sasa imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Kazi yake ilikuwa ya thamani kubwa, na bila yake sauti nyingi zingepotea. Lakini upande mmoja wa santuri ya zama zile ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo uliozoea kuisha watu wakiridhika ulilazimika kuisha sahani ikijaa. Tena, aliyeisikiliza santuri hiyo mara kumi aliusikia wimbo ule ule mara kumi, na polepole akaamini kwamba huo ndio wimbo wenyewe. Kumbe alichokuwa nacho ni jioni moja katika jioni nyingi, nayo imekatwa kichwa na miguu. Msomi aliyeandika nota kwa kuifuata santuri hiyo aliongeza kosa juu ya kosa, maana aliiandika ajali kana kwamba ni sheria.

Baada ya santuri likaja jukwaa. Tanganyika ilipopata kuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge siku ya pili yake, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wasomi walijua dansi za Kizungu kuliko ngoma za kwao. Kundi la taifa la ngoma liliundwa katika miaka iliyofuata. Nia yake ilikuwa njema na heshima iliyoletwa ilikuwa ya haki. Lakini ngoma iliyopandishwa jukwaani mbele ya mgeni wa serikali ilipewa dakika zake, safu zake na mwisho wake, ili ngoma ya kabila jingine ipate kufuata. Wachezaji waliitazama safu ya wageni walioketi vitini, na wageni wale hawakujua waitikie wapi. Walipiga makofi mwishoni, kwa adabu.

Hata Mnyampala mwenyewe aliingia katika mkondo huo. Ngonjera zake, zilizochapishwa katika vitabu viwili mwaka 1970 na 1971 baada ya kifo chake cha mwaka 1969, zilikuwa ni mashairi ya kujibizana, nazo zilienea katika shule za nchi nzima. Kujibizana ni roho ya nyimbo za kwao, naye aliijua roho hiyo. Lakini ngonjera ya shule huandikwa, hukaririwa na husemwa kama ilivyoandikwa. Anayejibu amekwisha kulijua swali tangu wiki iliyopita. Taifa changa lilihitaji maneno yasiyobadilika, ili mtoto wa Mpwapwa na mtoto wa Bukoba waseme jambo moja. Na mshairi wa Ugogo alilipa taifa kile lilichohitaji.

Mtu aliyezipitia hatua hizi zote kwa mwili wake ni Hukwe Zawose. Alizaliwa Ugogo karibu na mwaka 1940, akajifunza zeze na ilimba kwa wazee wake, akaitwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 kulitumikia taifa kwa muziki. Baadaye akawa mwalimu katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981. Alizitengeneza ala zake upya: mazeze yenye nyuzi nyingi kuliko yale ya zamani na ilimba kubwa zenye vipande vingi mno. Alirekodi Chibite mwaka 1996 kwa kampuni ya Real World, na mwaka 2002 alitoa Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Mwaka huo huo yeye na mpwa wake Charles walisafiri Marekani pamoja na Peter Gabriel, wakapiga katika majumba ya maelfu ya watu. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

Waliomsikia hawasahau sauti yake, iliyoweza kushuka chini kama ngurumo na kupanda juu kama ya mtoto katika pumzi moja. Hata katika majumba yale makubwa aliendelea kutunga papo hapo. Lakini utani aliouweka katika wimbo haukumfikia mtu, maana Cigogo hakikujulikana huko. Methali yasema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Zawose alitunzwa sana na walio mbali, na tuzo lao lilikuwa la kweli. Ila lilikuwa tuzo la watu waliostaajabu, na msikilizaji anayestaajabu ni tofauti na msikilizaji anayejibu.

Mwingine ni Patrick Balisidya, na njia yake ilikuwa ngeni zaidi. Alizaliwa Mvumi, kusini ya mji wa Dodoma, mwaka 1946. Alipiga gitaa katika Dar es Salaam Jazz Band, na mwaka 1970 akaianzisha bendi yake ya Afro 70, ambayo iliiwakilisha Tanzania katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi mjini Lagos mwaka 1977. Miaka miwili baadaye, mwaka 1979, ilitoka santuri iitwayo Bado Kijana, aliyoitengeneza pamoja na kundi la Sweden liitwalo Archimedes Badkar. Kundi hilo lilikuwa limezoea kuchanganya utungaji wa papo hapo na muziki wa mataifa mbalimbali. Lilikuwa tunda la mti ule ule wa uhuru uliopandwa New York na Sheffield. Kwa hiyo mwana wa Mvumi na wana wa jazi huria walikutana katika chumba kimoja.

Haifai kudai kwamba Balisidya alilipeleka zeze Sweden. Alichokipeleka ni muziki wa dansi wa Dar es Salaam, wenye beti, kiitikio na chemko. Lakini mkutano ule waonyesha jambo ambalo ramani za wasomi hazikulichora: njia mbili za muziki zilizoanza mbali kabisa zilifika mahali pamoja, na mmoja wa waliozipita alitoka katika nchi ambayo kumjibu mwenzako papo hapo ni desturi ya kale. Balisidya alifariki mwaka 2004, miezi michache baada ya Zawose. Katika muda usiofika mwaka mmoja Ugogo ulipoteza wanamuziki wake wawili waliojulikana zaidi duniani.

Nini kimebaki? Vimebaki vitu vingi, na yapasa kuvitaja kwa haki. Polo Vallejo wa Hispania alikaa miaka mingi akiuchunguza muziki wa kijiji cha Nzali, akauandika kwa uangalifu ambao watangulizi wake hawakuwa nao. Kedmon Mapana, msomi wa Ugogo mwenyewe, ni miongoni mwa watu walioliwezesha tamasha la muziki wa Wagogo huko Chamwino, ambako vikundi vya vijiji huja kupiga mbele ya vijiji vingine. Katika ukoo wa Zawose, ambako zamani wanawake waliitikia tu nyuma ya wanaume, Pendo na Leah Zawose walitoa mwaka 2024 santuri yao iitwayo Maisha, wakiwa wao ndio waimbaji wakuu. Wazee wasingetazamia jambo hilo. Lakini muziki ambao asili yake ni kutunga upya hauwezi kuukataa upya huu na ukabaki mwaminifu kwa asili yake.

Kilicho katika hatari ni kitu kingine. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 serikali imehamia huko kwa kasi. Ikulu iko Chamwino. Watu wa kila kabila wameingia mjini, barabara zimepanuka, na watoto wa Wagogo wengi hukua wakisema Kiswahili tangu asubuhi hata usiku. Hayo si mabaya. Lakini muziki wa papo hapo unahitaji mtu wa kuupiga na mtu wa kuujibu, na huyu wa pili hafundishwi katika chuo chochote. Chuo hufundisha vidole, na maktaba huhifadhi sauti. Msikilizaji ajuaye duru ilipo, ajuaye utani umemlenga nani, na awezaye kunyamaza kwa namna itakayomrudisha mwimbaji njiani, hulelewa na jioni nyingi tu. Siku atakapokosekana, zeze litaendelea kupigwa kwa ustadi, tena pengine kwa ustadi zaidi. Nalo litakuwa limegeuka kuwa muziki wa namna ile ya kwanza, uliokwisha kutungwa, unaokaririwa mbele ya wageni.

Hapa ndipo wajibu wa wasomi ulipo. Kwa miaka mingi wamejiuliza namna ya kuuhifadhi wimbo, wakajibu kwa mitambo iliyo bora zaidi kila muongo. Swali la namna ya kumhifadhi msikilizaji limeulizwa mara chache, ingawa jibu lake halihitaji mtambo. Watatu wa Sheffield walilijua kwa upande wao: usikivu ndio ala ya kwanza. Wazee wa Ugogo walilijua kabla yao, wala hawakuona haja ya kuliandika. Mwanafunzi atakayefika Nzali au Mvumi baada ya mavuno, na kinasa sauti mfukoni, hatakosea akikiwasha. Lakini baada ya kukiwasha na akisahau, asogee karibu, akae mpaka duru imwelee. Na wimbo ukimgeukia yeye kwa jina lake, aitikie.